Muulize Fundi: Ziba mdomo wa pampu kabla hujailaumu

Barua nyingi mwezi huu zinauliza kuhusu pampu za vakyumu, yaani zile za kunyonya hewa mpaka ibaki kidogo sana. Labda ni wenye viwanda vya korosho wanajiandaa na msimu, labda ni mashine nyingi zimeshuka bandarini kwa pamoja. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu majibu yake yanawahusu karibu wote walioandika.

*

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi kijana katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Masasi. Tumenunua pampu mpya ya vakyumu, ile ya oili yenye vibao ndani, mita za ujazo 100 kwa saa, mota ya kilowati 2.2. Itavuta hewa kwenye mashine mbili za kufungashia. Aliyetuuzia alisema tuchomeke tu, lakini kitabu chake kina kurasa nyingi za maonyo, na bosi anataka ianze kazi wiki ijayo. Nianzie wapi? Na je, naweza kuweka oili ya injini ya gari? Iliyoandikwa kwenye kitabu haipatikani hapa."

Marahaba mwanangu. Aliyewaambia mchomeke tu hatakuwepo Masasi siku vibao vitakapovunjika. Kitabu usome, na kama bosi amekifungia kabatini mwombe ufunguo. Tatizo la vitabu hivi ni kwamba vinaonya juu ya kila kitu kwa sauti ileile, na fundi mgeni hawezi kujua kosa lipi linaua pampu siku hiyohiyo na lipi linavumilika. Nitakupa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Anza na mahali pa kuiweka. Isiwe karibu na chumba cha kukaangia au kubangulia. Unajua kuliko mimi jinsi mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua mikono; moshi wake ukiingia kwenye chumba cha kufungashia, pampu itauvuta pamoja na hewa na oili itaharibika mapema. Yale maganda membamba ya ndani ya punje nayo hupeperuka kila mahali. Yataziba kizimba cha feni ya mota, na yasipokutana na filta njiani yatafika kwenye vibao. Kwa hiyo nunua filta ya mdomo wa kuvutia hata kama muuzaji anasema si lazima. Acha nafasi ya kutosha pande zote ili feni ipumue na wewe upate pa kusimama ukibadilisha oili. Pampu nyingi za aina hii zimekusudiwa chumba kisichozidi nyuzi joto 40. Kibanda chenye paa la bati tupu, saa nane mchana, kinapita hapo. Toboa matundu ya hewa juu na chini ya ukuta kabla hujaingiza mashine, maana baada ya kuingiza hakuna atakayekuruhusu kupiga nyundo.

Sakafu iwe ya zege na imenyooka. Weka pima maji juu ya pampu, kwa urefu na kwa upana. Pampu ikikaa upande, kioo cha oili kitakudanganya: kitaonyesha imejaa na kumbe haitoshi.

Sasa oili. Hapana, usiweke ya gari. Oili ya injini imechanganywa na dawa za kusafisha na za kufanya masizi yaelee. Hizo dawa zinashika maji ya unyevunyevu na kuyachanganya ndani ya oili, na baadhi ya viungo vyake huvukizwa kwenye vakyumu, kwa hiyo pampu haishuki inapotakiwa. Tena mnafungasha chakula. Tafuta oili ya pampu za vakyumu yenye daraja la chakula, imeandikwa H1 kwenye dumu, na uzito uwe uleule wa kibati cha pampu, ambao kwa ukubwa wenu mara nyingi ni ISO VG 100. Agiza Dar, iletwe kwa basi kama vifurushi vingine. Kuisubiri dumu siku mbili ni nafuu kuliko kununua seti ya vibao.

Jaza pampu ikiwa imezimwa, mpaka katikati ya alama mbili za kioo. Iwashe dakika chache baadaye wakati wa majaribio, izime, subiri oili ishuke, kisha angalia tena. Mara nyingi itataka kuongezwa kidogo kwa sababu sehemu imejaza njia na filta. Usiongeze inapozunguka.

Umeme mwachie fundi umeme mwenye leseni, lakini simama naye. Soma kibati cha mota kabla hajafungua boksi la nyaya. Kikiandikwa 230/400, kwa umeme wetu wa volti 400 mota inafungwa kwa sta (nyota). Kikiandikwa 400/690, inafungwa kwa delta. Nimeona mota mpya zikinuka siku ya kwanza kwa sababu mtu alifunga kwa mazoea. Ovalodi, yaani kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, iwekwe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati, isiongezwe "kidogo ili isikate". Kwa kilowati 2.2 inakuwa kama ampea 5, lakini amini kibati kuliko mimi. Pia omba kifaa cha kulinda fezi. Fezi moja ikipotea, mota itaendelea kunguruma kwa fezi mbili mpaka iungue, na huko kwenu fezi hupotea.

Kisha uelekeo wa kuzunguka. Kuna mshale kwenye pampu au kwenye kifuniko cha feni. Mdomo wa kuvutia ukiwa wazi na oili ikiwa ndani, gusa swichi sekunde moja tu, uzime, na utazame feni inavyosimama. Ikienda kinyume, zima breka kuu, ifunge kwa kufuli, badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu. Pampu ya vibao ikizungushwa kinyume kwa muda hurudisha oili kwenye bomba la kuvutia na vibao huweza kuvunjika. Na jaribio hili lirudiwe kila mara nyaya zinapoguswa: akija mtu kubadilisha kebo kuu, au mkiunganisha jenereta, unaanza tena. Jenereta nyingi zimeua pampu kwa njia hii.

Hapa sasa ndipo nataka unisikilize vizuri. Wengi wakifika hapa huunga mabomba yote, huunga mashine zote mbili, huwasha, na geji ikigoma kushuka wanakaa kubishana: pampu mbovu, bomba linavuja, sili ya mfuniko wa mashine imekufa. Kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole na hakuna ushahidi. Wewe pima pampu peke yake, kabla ya bomba hata moja kuungwa. Funga kwenye mdomo wa kuvutia kipande kifupi cha bomba chenye geji, na mwisho wake ukizibe kwa kifuniko cha nyuzi, si kwa kiganja. Mkono ukinaswa kwenye mdomo wa pampu hii hauondoki kirahisi. Ngozi na mishipa huumia. Washa, iache izunguke nusu saa ipate moto, halafu soma geji na uandike namba hiyo, tarehe, na saa za mota kwenye daftari.

Geji iwe ipi? Ile ya mshale ya kawaida itakutosha kuona kama pampu ni hai au imekufa, ila haiwezi kukutofautishia milibari 5 na milibari 20, na kitabu chako pengine kinasema pampu inashuka chini ya milibari 1 (milibari ni kipimo cha presha iliyobaki; ikiwa ndogo, vakyumu ni nzuri zaidi). Azima geji ya kielektroniki inayosoma presha halisi, yaani inayohesabu kutoka sifuri kamili ya vakyumu. Namba ile uliyoandika ndiyo cheti cha kuzaliwa cha pampu yenu. Miezi sita baadaye mtu akisema "siku hizi haivuti", unaiziba tena mdomo, unalinganisha. Kama imeshuka palepale, pampu haina kosa, nendeni mkatafute bomba. Hapo ugomvi unaisha kwa dakika thelathini.

Mabomba sasa. Kipenyo kisipungue cha mdomo wa pampu mahali popote. Watu hununua pampu ya inchi moja na robo halafu wanaivutia kwa hosi ya nusu inchi kwa sababu ndiyo iliyokuwa stoo. Kona ziwe chache na za mzunguko mpana. Hosi ziwe zenye waya wa chuma ndani. Hosi laini ya bustani itajikunja na kujifunga. Bomba liinamie upande wa mashine, lisiinamie kwa pampu, na mahali pa chini pabaki na kimfuko chenye koki ya kutolea maji. Uzito wa bomba ubebwe na ukuta, usining'inie kwenye pampu. Ukichomelea, gonga na upulize masizi yote nje kabla ya kuunga, kwa sababu kitone kimoja cha chuma cha kuchomelea kikiingia kwenye vibao hakitoki bila kuacha mkwaruzo. Siltepu ya kuzungushia nyuzi ikizidi huchanika na vipande vyake huvutwa. Tumia kwa kiasi, ukiacha uzi wa kwanza wazi.

Bomba la kutolea nje nalo lisiwe jembamba, lisiwekwe valvu kamwe, na literemke kutoka kwenye pampu ili maji ya mvuke unaopoa humo yasirudi. Kama mnajaza kabonidayoksaidi au naitrojeni kwenye mifuko ya korosho kabla ya kuziba, kumbuka gesi hiyo inapita kwenye pampu na kutoka. Kwenye chumba kidogo kilichofungwa inasukuma hewa ya kupumua. Ipelekeni nje ya jengo.

Baada ya kuunga, kabla ya mashine za kufungashia kufunguliwa, pima uvujaji. Funga valvu za mashine zote mbili, vuta mpaka chini, funga valvu ya upande wa pampu, zima, tazama saa. Nikupe mfano: bomba na tangi lako dogo vina ujazo wa lita 60, geji imepanda kutoka milibari 20 hadi 50 kwa dakika 10. Lita 60 mara milibari 30, gawa kwa sekunde 600, unapata 3, yaani milibari-lita 3 kwa sekunde. Pampu ya mita za ujazo 100 kwa saa inavuta karibu lita 28 kwa sekunde, na kwenye milibari 10 uvujaji huo unakula sehemu ya tatu ya lita moja tu katika hizo 28. Huo unavumilika. Ukipata 30 badala ya 3, usiwashe kazi. Angalia na namna inavyopanda: ikipanda haraka halafu ikapunguza na kutulia, mara nyingi ni unyevu uliobaki kwenye bomba, ikipanda kwa mwendo uleule bila kuchoka, hilo ni tundu.

Usimwage povu la sabuni kwenye bomba lenye vakyumu ukitarajia mapovu. Linanyonywa ndani. Kama bomba ni la chuma, liondoe kwenye pampu na geji, ingiza hewa kidogo ya kompresa isiyozidi nusu bari, ndipo upake sabuni. Bomba la plastiki usilijaze hewa ya kompresa kabisa, likipasuka vipande vyake huruka. Hilo livutie vakyumu, zima makelele, pita na sikio, kisha funga kiungo kimojakimoja kwa tepu pana mpaka geji iache kupanda.

Siku za kwanza za kazi, fungua ile valvu ndogo ya gesi balasti, kitundu kinachoingiza hewa kidogo ndani ya pampu ili mvuke utoke nje badala ya kugeuka maji ndani ya oili. Washa pampu nusu saa kabla ya kufungasha, mdomo ukiwa umefungwa, ipate moto. Jioni iache izunguke hivyohivyo nusu saa kabla ya kuzima. Hiyo saa moja ya umeme kwa siku ndiyo inayookoa oili. Oili ikianza kupauka na kuwa nyeupe, maji yameingia: ama korosho zinaletwa zikiwa na unyevu kuliko asilimia 5 inayotakiwa, ama mtu anaruka ile nusu saa. Muulize mtu kwanza.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi? Pampu yenye valvu nzima ya kuzuia kurudi itashikilia. Isipokuwa nzima, vakyumu ya bomba itanyonya oili kutoka kwenye pampu mpaka kwenye mashine. Mfunge umeme kwa namna ambayo ukirudi pampu haiwaki yenyewe. Mtu aje, aingize hewa kwenye bomba, aangalie kioo, ndipo abonyeze.

*

"Mama fundi, salamu kutoka Eldoret. Nasimamia shamba la ng'ombe wa maziwa. Tulinunua pampu ya mashine ya kukamua kutoka kwa muuzaji wa Mombasa. Alituonyesha video, geji ilifika 0.90. Hapa kwetu, pampu hiyohiyo, geji hiyohiyo, mdomo umezibwa, haipiti 0.70. Nimebadilisha mpira na oili, wapi. Nataka kumrudishia. Je, nimetapeliwa?"

Hujatapeliwa, angalau si kwa hili. Nimefurahi umeziba mdomo na kutumia geji ileile, maana umeniondolea maswali mengi.

Geji ya mshale haipimi vakyumu ilivyo. Inapima tofauti kati ya hewa ya nje na hewa ya ndani ya bomba. Mombasa iko usawa wa bahari, hewa ya nje inakandamiza kwa karibu milibari 1013. Eldoret iko juu, karibu mita 2100, na hewa huko inakandamiza kama milibari 785 tu. Hata pampu ya mbinguni haiwezi kufikisha mshale zaidi ya bari 0.785 (ndizo hizo milibari 785) hapo ulipo, kwa sababu hakuna hewa zaidi ya hiyo ya kuondoa. Gawa 785 kwa 1013, unapata 0.775. Zidisha na 0.90 ya Mombasa: 0.70. Pampu yako inafanya kazi ileile iliyofanya kwenye video, hadi desimali.

Kwa wasomaji wengine wa nyanda za juu: Nairobi hewa ni karibu milibari 825, Arusha mjini kama 855. Mkinunua pampu pwani, mwambieni muuzaji aandike presha halisi iliyobaki, asiandike namba ya mshale.

Sasa jambo ambalo hukuuliza na ndilo litakalokusumbua. Kukamua kunahitaji vakyumu ya kilopaskali 42 hadi 50 hivi, tuseme 45. Hiyo utaifikia bila shida, 0.70 yako ni kilopaskali 70, zaidi ya kutosha. Ila ili upate tofauti ya 45 huko juu, ndani ya bomba inabaki presha ya kilopaskali 33.5, wakati Mombasa ingebaki 56. Hewa ikiingia bombani inatanuka. Lita moja ya hewa ya Mombasa inakuwa lita 1.8 ndani ya bomba. Lita moja ya hewa ya Eldoret inakuwa 2.3. Pampu inatakiwa kumeza ujazo mkubwa zaidi kwa zaidi ya robo kwa idadi ileile ya vikombe vya kukamulia. Kwa hiyo kama muuzaji alikupigia hesabu ya ng'ombe kwa katalogi ya usawa wa bahari, pampu itaonekana nzuri ukiiwasha tupu, na itazidiwa mkamuaji akichelewa kuvisha kikombe au kikombe kikidondoka. Hilo ndilo la kwenda kuongea naye, na hapo una haki. Muulize anayo ya ukubwa unaofuata na mbadilishane mkilipana tofauti.

Wakati mnasubiri, punguza vikombe vinavyotumika kwa pamoja. Usikaze regyuleta ili mshale upande zaidi. Chuchu za ng'ombe ndizo zitakazolipa.

*

"Bi mkubwa, hujambo? Tuna kiwanda cha matofali ya kuchoma na vigae huku Kisarawe. Mashine ya kusukuma udongo ina pampu ya vakyumu ya pete ya maji, mota ya kilowati 7.5, inazungusha maji kutoka kwenye tenki la lita 1,000. Tunaanza saa moja asubuhi na matofali yanatoka mazuri. Kuanzia saa nne pampu inaanza kelele, geji inashuka kutoka 0.93, na matofali yanatoka na nyufa. Fundi anasema beringi zimekufa. Tumebadilisha mara ya pili sasa."

Sijambo. Acheni kununua beringi. Kelele inayokuja na saa na kuondoka usiku si ya beringi. Beringi mbovu inapiga kelele asubuhi pia.

Kwenye pampu ya pete ya maji, pangaboi linarusha maji yakae kama pete ukutani mwa pampu, na pete hiyo ndiyo inayokandamiza hewa. Maana yake vakyumu haiwezi kushuka chini ya presha ambayo maji yenyewe yanaanza kuchemka. Maji ya nyuzi 15, ambayo ndiyo katalogi hutumia, huanza kuchemka kwenye milibari 17. Ya nyuzi 30, milibari 42. Ya nyuzi 40, milibari 74. Geji yenu kwenye 0.93 inamaanisha ndani kumebaki milibari 80 hivi. Mko ukingoni kabisa. Maji yakipata moto kidogo tu yanachemka ndani ya pampu, mapovu ya mvuke yanapasukia kwenye pangaboi, na mnasikia sauti kama kokoto zinazungushwa kwenye ndoo. Kila siku mnayoiachia hivyo, chuma kinaliwa.

Na moto unatoka wapi? Kutoka kwenye mota yenu wenyewe. Karibu nguvu yote inayoingia inaishia kwenye maji. Kilowati 7.5 kwenye lita 1,000 ni zaidi kidogo ya nyuzi 6 kila saa, kama hakuna pa kupoea. Anzeni na nyuzi 28 saa moja asubuhi. Saa nne mko kwenye 45 na ushee. Hesabu imekubaliana na barua yako kuliko nilivyotegemea.

Tumbukiza kipimajoto kwenye tenki kila saa kwa siku moja uthibitishe. Halafu chaguo ni mawili: mnara mdogo wa kupoza maji, au kutoa sehemu ya maji ya moto kila wakati na kuingiza mapya. Kuweka tenki kubwa zaidi kunasogeza tatizo mpaka mchana, basi. Kama pampu ina tundu la kuingizia hewa kidogo ili kuzuia hiyo sauti ya kokoto, lifungueni. Mtapoteza vakyumu kiasi lakini pangaboi litabaki. Udongo pia unavutwa na kuingia kwenye maji. Wekeni chungio la kuutega kabla ya pampu, na kama maji ni ya kisima chenye chumvi, mabaki yake meupe yanajenga ukoko kwenye nafasi nyembamba kati ya pangaboi na ukuta. Ndiyo maana baada ya likizo ndefu pampu inagoma kuzunguka. Izungusheni kwa mkono kwanza, umeme ukiwa umefungwa.

Mkimaliza, pampu ianze ikiwa na maji mpaka usawa wa shafti. Ikiwa tupu, sili ya shafti inaungua ndani ya muda mfupi. Ikijaa mpaka juu, mota inazidiwa kuwasha na breka inaruka.

*

"Dada, nimepata pampu kubwa ya vakyumu kutoka Japani, mtumba, hapa Gerezani, Dar es Salaam. Inaonekana safi. Kibati kinasema volti 200, hezi 50 na 60. Nikiipeleka kiwandani itafanya kazi?"

Itafanya, usipoiunga moja kwa moja. Japani umeme wa viwandani wa fezi tatu ni volti 200, na nchi imegawanyika: mashariki hezi 50, magharibi hezi 60. Mota ya volti 200 ukiipa 400 zetu itatoa moshi kabla hujafika kwenye mlango. Fungua boksi la nyaya uone kama ina ncha za ziada za kuibadilisha iwe 400. Kama hazimo, utahitaji transfoma ya fezi tatu ya kushusha 400 kuwa 200, na bei yake uiingize kwenye bei ya pampu kabla ya kulipa. Kwa hezi 50 itazunguka pungufu kwa sehemu ya sita kuliko ilivyozunguka kwa 60, kwa hiyo uwezo ulioandikwa kwa hezi 60 punguza hivyo.

Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aache uizungushe kwa mkono. Mwaga oili yote uone rangi na kilichotulia chini. Ikizunguka laini, weka oili mpya na udai kuijaribu papo hapo ikiwa imezibwa mdomo, na geji yako mwenyewe mfukoni. Akikataa kuijaribu, nenda duka la pili.

*

"Je, pampu ya mafundi wa AC inaweza kutumika kwenye mashine ya kufungashia nyama?"

Hapana. Ile ni ndogo, imetengenezwa kutoa hewa na unyevu mdogo kwenye mfumo uliofungwa, mara moja, halafu ipumzike. Nyama itaipa mvuke kila dakika na oili yake itageuka maji ndani ya wiki. Nunua yenye gesi balasti na yenye ukubwa unaolingana na ujazo wa chumba cha mashine yako. Nitumie vipimo vya chumba hicho na sekunde unazotaka kila mfuko uchukue, nikupigie hesabu toleo lijalo.